Pazia Jeusi Ndani ya Jicho

Tuseme mwalimu mmoja, mwenye miaka 55, yuko mezani jioni akisahihisha madaftari. Ghafla aona kama umeme unamulika pembeni mwa jicho lake la kuume, ingawa mbinguni hakuna wingu. Apepesa macho, mara nukta nyeusi zaelea mbele yake kama masizi ya moshi. Siku ya pili kivuli kimeingia upande mmoja, mfano wa pazia linalovutwa polepole. Jicho haliumi, halitoi machozi, wala si jekundu. Mkewe amtazama asione kasoro yoyote. «Ni uchovu tu,» asema mwalimu, «nitapumzika juma hili, litapona.»

Wasomaji wapenzi, juma hilo moja laweza kumgharimu jicho lake. Maana jambo lililompata ni kubanduka kwa retina.

Retina ni utando mwembamba sana uliotandazwa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari zake ubongoni. Nafasi iliyo mbele yake imejaa ute uangavu, kama ute wa yai. Miaka ya mtu ikizidi, ute huo hunywea na kujitenga na retina. Kwa watu wengi hujitenga salama, wasipate hasara ila kuona vinukta viwili vitatu. Lakini kwa wengine huwa umegandamana sana mahali pamoja, nao ukijivuta huipasua retina. Hapo majimaji hupenya katika tundu, hupita nyuma ya utando na kuubandua. Mwenye nyumba ya udongo aijua habari hii: maji yakipata ufa mdogo katika chokaa ya ukuta, kipande kizima huanguka. Tena retina hulishwa kwa sehemu kubwa na mishipa ya damu iliyo nyuma yake. Ikitengwa nayo, huanza kufa njaa.

Uzee si sababu pekee. Wenye macho yasiyoona mbali, hasa wavaao miwani ya nguvu sana, wamo hatarini hata ujanani, kwa kuwa jicho lao ni refu na retina yao imevutika. Hali kadhalika aliyepigwa ngumi, mpira au jiwe jichoni; aliyepasuliwa mtoto wa jicho; na yule ambaye ndugu yake wa damu amepatwa na jambo hili. Ugonjwa wa kisukari nao una njia yake: makovu huota juu ya retina na kuivuta, hata pasipo tundu.

Zamani, kupatwa na ugonjwa huu kulikuwa karibu sawa na kuhukumiwa upofu. Wagonjwa walilazwa chali majuma mazima, macho yamefungwa vitambaa, kichwa kimezuiwa kwa mifuko ya mchanga, na wengi sana waliinuka vipofu vilevile. Aliyegeuza mambo ni Jules Gonin, daktari wa macho wa Lausanne, Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1870. Yeye alishika neno moja: tundu ndilo chanzo, basi lizibwe. Alilitafuta kwa uvumilivu, akapima mahali pake, kisha akachoma ukuta wa jicho hapohapo kwa chuma cha moto, ili kovu liushike utando. Wenzake walimbishia miaka mingi. Ni katika mkutano mkuu wa madaktari wa macho huko Uholanzi, mwaka 1929, ndipo kazi yake ilipokubaliwa mbele ya wote.

Lakini tundu lisiloonekana halizibiki, na matundu mengi hujificha pembezoni. Charles Schepens, Mbelgiji aliyezaliwa Mouscron mwaka 1912, ndiye aliyetengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani, chenye taa, cha kuonea pembe hizo kwa macho mawili pamoja. Huyu alikuwa na moyo wa ajabu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, alipokuwa akitafutwa na Wajerumani, alijificha kwa jina la bandia kijijini Mendive, kusini mwa Ufaransa. Huko alisimamia kiwanda cha kupasua mbao, na kwa siri akawavusha watu milimani hadi Hispania. Baada ya vita alikwenda Boston, Marekani, akaendelea kutibu na kufundisha.

Siku hizi, tundu likionekana kabla retina haijabanduka, huzungushiwa makovu kwa mwanga mkali wa leza au kwa baridi kali. Ni kazi fupi, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Ikiisha kubanduka, hapana budi kupasua. Daktari hushona ukanda wa silikoni nje ya jicho ili kuusogeza ukuta karibu na utando, au huutoa ule ute wa ndani na kutia gesi au mafuta ya kuikandamiza retina mahali pake. Zaidi ya wagonjwa 8 katika 10 hushikizwa retina kwa upasuaji wa kwanza.

Kushikizwa, hata hivyo, si lazima kuona kama zamani. Katikati ya retina pana doa dogo ambalo kwa hilo twasoma na kutambua nyuso. Likiwa bado limeshika, daktari hutaka kupasua siku ileile au kesho yake. Likiisha kubanduka, kila siku inayopita hupunguza faida. Kwa hiyo maji ya majani yanayotiwa jichoni kule vijijini hayafai kitu hapa: hayafiki penye tundu, na huleta vidonda. Daktari wa retina hapatikani katika kila hospitali, hata katika miji mingi. Mwenye kuona pazia aombe barua ya kupelekwa mbele siku hiyohiyo.

Aliyetiwa gesi huamriwa kuweka kichwa namna fulani, pengine kuinama siku kadhaa, kwa sababu gesi hupanda juu nayo haina budi kuligusa tundu. Tena asipande ndege. Huko juu gesi hutanuka, na jicho laweza kuharibika kabisa. Mtu wa Bukavu aliyepasuliwa Kinshasa, basi, ajue tangu mwanzo kwamba itampasa kungoja huko majuma 2 mpaka 8, kwa kadiri ya gesi aliyotiwa, na jamaa zake watafute mapema nyumba ya kumpokea.