Sura ya Saba: Jina la Kike na Watakaoliita

Nianze na nyota, maana hapo ndipo upuuzi ulipojaa. Mwanamke transjenda anayetafuta jina, au mwanamume apendaye kuvaa kike na kutaka la kuitwa usiku wa sherehe, hachelewi kuambiwa kwamba kila jina lina nyota yake, na nyota isipoendana na mtu mambo yatamkwama. Hesabu yenyewe ni ya abjadi: kila herufi ya Kiarabu ina thamani, unajumlisha jina lako na la mama yako, unagawa kwa kumi na mbili, baki ndiyo nyota. Haya, nipigieni hesabu ya Patricia. Abjadi haina P. Haina G ya Gloria wala V ya Vaileti. Itabidi mpiga ramli aazime thamani ya herufi jirani, na akiazima nyingine, mteja aliyeamka Simba atalala Ng'e. Siku hizi ramli imehamia kwenye simu: unajibu maswali kumi kuhusu rangi na matunda uyapendayo, unaambiwa wewe ni Samantha.

Mpango wangu katika sura hii ni mwepesi: sauti, umri, kisha karatasi.

Kuhusu sauti, ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba jina la kike huishia na A. Ingia barazani uwaite Juma, Musa, Hamza na Zakaria, uone ni nani watakaogeuka. Kisha waulize Zainabu na Mariamu kama wamewahi kupungukiwa na chochote kwa kukosa A ya mwisho. Andrea ni mwanamke Ujerumani, ni mwanamume Italia, na katika Biblia ya Kiswahili ni mtume, nduguye Petro. Mjerumani mwenye jina hilo akifika Mwanza, asishangae dereva aliyetumwa kumpokea akitafuta mwanamume. Jinsia ya jina haikai katika herufi. Inakaa katika masikio ya wanaolisikia, na masikio hayo yana nchi yake.

Yana umri wake pia, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huchagua jina akiwa na miaka hamsini, lakini anachagua kutoka kwa wasichana wa ishirini. Takwimu za Marekani zinaonyesha jambo hili waziwazi: Linda aliongoza majina ya watoto wa kike kuanzia 1947 hadi 1952, Lisa 1962 hadi 1969, Jennifer 1970 hadi 1984. Mwanamke wa miaka sitini anayejiita Lisa haulizwi kitu. Akijiita Madison ataulizwa, kwa kuwa kabla ya filamu ya Splash ya 1984 jina hilo lilikuwa adimu mno kwa msichana. Ndani ya filamu, nguva aliyetoka baharini analiokota kwenye kibao cha barabara jijini New York, na kichekesho kilikuwa hichohicho, kwamba ni jina la barabara. Kufikia 2001 lilikuwa la pili Marekani nzima. Pwani yetu nayo ina zamu zake: ukisikia Mwanakombo unatazamia bibi, ukisikia Ilhamu unatazamia mwanafunzi. Anayetaka jina la rika lake na akumbuke daftari la mahudhurio la darasa lake la shule ya msingi, upande wa wasichana.

Karatasi zilipaswa kufuata, lakini kalamu yangu inakimbilia Tonnerre, mji mdogo wa Burgundy, na sina nia ya kuizuia. Huko alibatizwa mwaka 1728 Charles-Geneviève-Louis-Auguste-André-Timothée d'Éon de Beaumont: nahodha wa askari wapanda farasi, mwanadiplomasia, jasusi wa Mfalme Louis XV. Watu wa London waliwekeana dau juu ya jinsia yake hadi kesi ya dau mojawapo ikamfikia Jaji Mansfield mwaka 1777. Mwaka huohuo d'Éon alirudi Ufaransa, na Louis XVI akamwamuru avae nguo za kike. Aliishi kama mwanamke mpaka alipofariki London mwaka 1810, na madaktari waliomkagua wakathibitisha kuwa mwili ulikuwa wa kiume.

Sasa tazama majina. Charles likawa Charlotte, Louis likawa Louise, André likawa Andrée. Geneviève, jina la mtakatifu wa kike mlinzi wa Paris, halikuguswa. Wapo wanaolitaja kama dalili ya majaliwa tangu ubatizo. Majaliwa gani? Wakatoliki wa Ufaransa walizoea kumchomekea mtoto wa kiume jina la mtakatifu wa kike. Voltaire alikuwa François-Marie, na hakuna aliyemtabiria gauni. La kupendeza ni ubahili wa mabadiliko yenyewe: majina sita, na herufi za mwanzo zote sita zilibaki vilevile. Mwandishi Jan Morris, aliyesimulia safari yake ya kutoka mwanamume kuwa mwanamke katika kitabu Conundrum cha 1974, naye aliibakiza J yake.

Kiswahili kina njia hiyo ya kubadili kidogo tayari. Juma ana Mwajuma, Hamisi ana Mwanahamisi, Rashidi ana Rashida. Faida yake huonekana nyumbani: shangazi aliyezoea miaka thelathini akiteleza na kuanza "Rashi...", bado ana nafasi ya kumalizia vizuri. Wapo wasiotaka kusikia hata herufi moja ya jina la zamani, na sina kanuni ya kuwabishia.

Karatasi, basi. Mvaaji wa mara mojamoja, ambaye jina lake hutamkwa na marafiki sebuleni, anaweza kujiita Kleopatra akipenda. Anayeishi nalo mchana kutwa atakutana na dirisha la benki na M-Pesa, ambayo humwonyesha mtumaji jina lililosajiliwa kabla mwenyewe hajajieleza. Lakini hofu ya kwamba lazima abadili majina yote haina msingi. Kwa wanaofuata desturi ya majina matatu, la pili ni la baba na la tatu la babu. Asha Juma Hamisi hajawahi kumshangaza karani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya cha KCSE chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia, kwa kuwa maksi hazitolewi kwa jinsia. Mbugua, ambalo kila Mkikuyu analijua kuwa la kiume, lilibaki.

Mkikuyu anayetaka jina la kike la ukoo ana kazi nyingine kabisa. Kwa desturi, binti wa kwanza huitwa kwa mama wa baba, wa pili kwa mama wa mama, na wanaofuata kwa shangazi na mama wadogo. Kujichagulia Wanjiru ni kujichukulia mtu, na huenda yupo dada aliyekwisha pewa mtu huyohuyo. Hapo wa kuulizwa kwanza ni shangazi, kabla ya wakili.