Silaha za Watu Wafupi: Jinsi Kijiji cha Hadithini Kinavyoweza Kujilinda

Mtu mwenye nusu ya kimo cha mwenzake hana nusu ya uzito wake. Urefu, upana na unene vikipungua nusu kwa pamoja, uzito hubaki sehemu moja ya nane. Mtu mzima wa sentimita 170 na kilo 72, akipunguzwa hadi sentimita 85 bila umbo kubadilika, atakuwa na kilo 9 tu. Nguvu zake hazishuki kiasi hicho. Hizo hutegemea unene wa misuli, hivyo hubaki robo. Robo ya nguvu inabeba sehemu ya nane ya mzigo, kwa hiyo mtu huyo ni mwepesi wa kuruka, kupanda mti na kukata kona. Ila mkono wake ni mfupi, na akipigwa rungu na mtu wa kimo cha kawaida atarushwa kando hata kama amejikinga kwa ngao.

Mwandishi wa hadithi, au mtunzi wa michezo, anayetaka kuwapa silaha watu wadogo wanaolinda kijiji chao angeanza na hesabu hii. Wengi huanza na upanga, wakaufupisha, wakadhani kazi imekwisha.

Watu wafupi mashuhuri kuliko wote katika hadithi za kubuni ni wahobiti wa J.R.R. Tolkien, waliotokea mara ya kwanza katika kitabu cha The Hobbit mwaka 1937. Kimo chao ni kati ya futi mbili na nne. Tolkien hakuwafanya askari. Silaha nyingi za nchi yao, Shire, zimetundikwa ukutani au zimewekwa katika jumba la makumbusho. Lakini aliwapa jicho kali na shabaha, kwa upinde na kwa jiwe la mkono. Hapo alipatia, maana silaha ya mbali humwondolea mfupi hasara ya mkono wake.

Ya bei rahisi kati ya hizo ni kombeo. Kamba huurefusha mkono, na mawe hayaishi. Watu wa visiwa vya Baleari, katika bahari ya Mediterania, walikodiwa na majeshi ya Karthago na baadaye ya Roma kwa ajili ya makombeo yao tu. Taabu ya kombeo ni kwamba halifundishiki kwa wiki moja. Kijiji cha wakulima kina dawa ya hilo: watoto wanaopelekwa shambani kuamia ndege, kama wafanyavyo katika mashamba mengi ya mpunga na mtama Afrika Mashariki, hukua wakirusha mawe kila msimu. Kombeo likifungwa kwenye ncha ya fimbo, hurusha jiwe zito zaidi, na fimbo yenyewe hubaki kuwa silaha adui akikaribia.

Upinde una hesabu ngumu zaidi. Nguvu ya mshale hutokana na uzito wa mvuto na umbali ambao uzi unavutwa. Mfupi wa nusu kimo huvuta kwa robo ya nguvu na kwa nusu ya umbali, kwa hiyo upinde wake huweka akiba sehemu moja ya nane tu. Mshale mwepesi kwa kiasi hichohicho utaondoka kwa kasi ileile, lakini hauwezi kupenya koti la ngozi nene. Wawindaji wengi huongeza nguvu kwa sumu. Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, ambao wanaume wao wengi hawafiki sentimita 150, huwinda kima kwa mishale midogo yenye sumu. Hata hivyo sumu haiui papo hapo. Mwindaji hulazimika kumfuata mnyama hadi aanguke. Jambazi aliyekwisha kufika mlangoni hatasimamishwa na sumu itakayomlegeza baadaye. Upinde wa mtambo, unaovutwa kwa gurudumu la mkono na kufyatuliwa kwa kidole, ni jibu bora: mwenye nguvu kidogo hulipa kwa muda. Unataka fundi chuma, na unataka mtu wa pili wa kupakia nyuma ya ukuta huku wa kwanza akilenga.

Adui akivuka mawe na mishale, mkuki ndio wa kutegemewa. Mkuki mwepesi wa mita mbili na nusu humpa mfupi urefu anaoukosa, na kitako chake kikichomekwa ardhini, uzito wa anayeshambulia ndio unaomchoma. Mkuki mmoja huepwa kirahisi. Ishirini iliyobanana kwenye lango haikwepeki.

Upanga na sime ni za mwisho, kwa sababu mfupi lazima apite ndani ya mkono wa adui kabla hajamgusa. Akifika hapo, alenge kilicho mbele ya macho yake. Katika Vita vya Pelennor, ndani ya hadithi za Tolkien, mhobiti Merry alimchoma adui aitwaye Mfalme-Mchawi nyuma ya goti.

Zana za shamba hazipaswi kudharauliwa. Katika miaka ya 1420, wakulima wa Bohemia chini ya Jan Žižka waliyashinda majeshi ya wapanda farasi wenye mavazi ya chuma kwa kutumia fimbo za kupuria nafaka zilizotiwa vyuma, na mikokoteni iliyopangwa kuwa ngome.

Mikokoteni hiyo inaonyesha kwamba silaha kubwa ya wafupi ni mahali pa kupigania. Tolkien alilijua hilo. Katika The Return of the King (1955), wahobiti waliwangojea majambazi karibu mia moja katika barabara ya Bywater iliyozama kati ya kingo ndefu zenye ua wa miti. Waliziba mbele kwa mikokoteni, wakaziba na nyuma, huku wenzao wakisimama juu kwenye kingo. Silaha zao zilikuwa mashoka, nyundo nzito, visu virefu, magongo na pinde chache za kuwindia. Mambo yalikwenda vizuri hadi majambazi walipoupanda ukingo wa magharibi na kupigana ana kwa ana. Hapo wahobiti walianza kuyumba, mpaka Merry na mwenzake Pippin walipovuka kuja kuwasaidia. Vita vilipokwisha, majambazi karibu 70 walikuwa wamekufa, na wahobiti 19.