Uyoga wa Kichuguuni na Fagaa ya Jangwani

Kila msimu wa mvua kuna swali linarudi kwenye vikao vyetu hapa Jeddah: eti hawa wenyeji wanaokwenda jangwani na vijiti wanachimba viazi gani? Jamani, si viazi. Ni uyoga, ila wenyewe unakaa chini ya mchanga na hauna mwavuli. Wasaudi huuita fagaa. Kwenye Kiarabu cha vitabu ni kamaa, ile iliyotajwa katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba maji yake ni dawa ya macho.

Hapa Jeddah haioti. Inatoka kaskazini, pande za Hafar al-Batin, Rafha na Arar, na kilo moja ya ile nyeupe nzuri inaweza kufika mamia ya riyali. Inataka mvua za mapema, kati ya Oktoba na Desemba, ndipo ichimbwe baada ya mwaka mpya. Wazee wa jangwani husema radi ndiyo inayoizaa. Wachimbaji lakini hawatazami mbingu, wanatafuta kichaka kidogo kiitwacho ragrug, halafu ufa katika mchanga ulioinuka pembeni yake. Nyuzi za fagaa zimeshikana na mizizi ya kichaka hicho: zinakipa maji na madini, nacho kinazilipa sukari.

Sasa, uyoga uliofukiwa unasambazaje spora zake, yaani ile vumbi inayofanya kazi ya mbegu? Upepo haufiki. Basi hutoa harufu. Mnyama anafukua, anakula, anakwenda kunya mbali, na spora zinatoka nzima. Bila mlaji, fagaa ingebaki palepale.

Kwetu Afrika Mashariki mambo ni makubwa zaidi. Ule uyoga mtamu unaochomoza kwenye vichuguu mvua zikianza haukuota pale kwa bahati. Umelimwa! Mchwa hawawezi peke yao kumeng'enya miti migumu. Wanatafuna kuni na majani makavu, wanajenga masega kwa mavi yao ndani ya kichuguu, na kuvu linaota humo na kulainisha chakula. Kisha mchwa wanakula masega pamoja na vidonge vyeupe vya kuvu. Shamba hilo linataka joto la karibu nyuzi 30, usiku na mchana. Sisi wahandisi tunakipenda kichuguu kwa hilo: jengo la Eastgate pale Harare, la mwaka 1996, lilibuniwa kwa kukiiga, ingawa utafiti wa baadaye umeonyesha kichuguu hakipumui sawasawa na vile mbunifu alivyodhani.

Uyoga unaouona juu ni tunda tu. Ukiung'oa taratibu utakuta shina refu kama mzizi linaloshuka hadi kwenye masega. Na kwa aina nyingi, mchwa wa kichuguu kipya huokota spora nje, kwa hiyo kuvu likikosa kutoa uyoga, watoto wa mchwa hawana shamba.

Kingine kinachoshangaza: kuvu si mmea. Kwa nasaba liko karibu zaidi na wanyama. Ukuta wa seli zake una kaitini, ileile iliyomo kwenye ganda la mende.

Kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu wenzetu wengi wanaendelea na masomo Ulaya na Marekani, na huko porini wanaona uyoga unaofanana na wa nyumbani. Ulaya hakuna mchwa wanaolima. Kuna uyoga uitwao Amanita phalloides, wa kijani hafifu, ambao nusu ya mmoja inaweza kumuua mtu mzima. Kupika hakuondoi sumu. Kutapika na kuhara huanza baada ya saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa anapata nafuu ya uongo wakati ini linaharibika. Aliyekula uyoga asioujua asingoje kuumwa: aende hospitali mara moja, na achukue mabaki, hata maganda yaliyoko kwenye pipa la taka.