Mpe Koti

Sogeeni karibu na meko, watoto, niwaeleze jinsi wachumaji chai walivyoimaliza riwaya nzima bila kufungua hata ukurasa mmoja.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka 1999, kwetu juu ya Runyenjes, Embu. Mnaijua Agosti ya huku: ukungu unashuka kutoka Mlima Kenya, na jua halionekani hadi saa sita. Tulichuma chai, majani mawili na kichipukizi, kisha tukaketi kituoni kungoja karani apime na lori libebe.

Kapuni mwangu, chini ya koti la mvua, nilikuwa nimeficha kitabu cha dada yangu: Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Nyanya akaiona midomo yangu ikichezacheza.

“Soma na sisi tusikie,” akasema.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Basi nikawa nasoma ukurasa, kisha nausimulia kwa Kiembu. Kijana anaitwa Kongowea Mswahili. Mamake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu mjini Tanga. Mama anafariki, na baadaye mwana anafunga safari ya kumtafuta babake, hadi Kitale.

Nilikwama mapema. Bahari ningeielezaje, nami sijaiona? Nyanya akanyoosha kidole kule chini Mbeere, ambako ukungu ulikuwa umetanda mpaka upeo wa macho.

“Si kama ule, ila ni maji?”

Wote wakaiona bahari.

Kesho yake wanawake waliniuliza hata kabla ya salamu: “Mswahili amefika wapi?” Nikisema sikusoma, wananuna. Ikabidi nikeshe na koroboi, naamka pua imejaa masizi.

Alipofika Kitale, niliwaambia ni mji wa mahindi na baridi, karibu na Mlima Elgon. Nyanya akajifunika leso vizuri.

“Mpe koti,” akasema. “Sasa yuko kwetu.”

Shule za upili zimewahi kukitahini kitabu hicho. Mwalimu wangu alitudai maudhui na sifa za wahusika, nikajibu, na majibu hayo nimeshayasahau. Nyanya kumwombea koti mtu wa kitabuni, hilo sijalisahau.

Je, Kongowea alimpata babake? Siwaambii. Kitabu kile kiko kabatini, bado kinanuka moshi. Anayekwenda kituoni kesho akitie kapuni.