Mguu Usiosikia Maumivu



Wiki hii tulikwenda hospitali kumwona mzee mmoja wa kanisa letu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Jumapili moja alihudumu ibada nzima akiwa amevaa viatu vyake vyeusi. Jioni alipovivua, soksi ilikuwa na damu. Msumari ulikuwa umetokeza ndani ya kiatu naye hakuusikia. Kwa aibu, akakificha kidonda kwa wiki mbili. Amekatwa vidole viwili, na sasa madaktari wanajitahidi kuuokoa mguu.

Tulimpelekea kandambili mpya. Muuguzi akatushukuru, kisha akatueleza kwa upole kwamba ukanda wake huchubua kati ya vidole na kwamba vidole hubaki wazi. Mgonjwa wa kisukari anahitaji kiatu laini, kipana, kilichofunika vidole.

Kisukari kisipodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu, na mguu huacha kusikia maumivu. Daktari Paul Brand, mmisionari aliyewatibu wagonjwa wa ukoma Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, aliona hatari hiyohiyo kwa wagonjwa wake. Ndiyo maana aliyaita maumivu zawadi, na akajishughulisha pia na viatu vyao.

Katika Yohana 13, Yesu alijifunga kitambaa akaiosha miguu ya wanafunzi wake. Petro alikataa kwanza. Nasi tuna aibu ya Petro: tunaonyesha viatu vilivyong'arishwa, tunaficha nyayo. Mzee wetu hakukosa watu wa kumpenda. Hakuna aliyemwomba auone mguu wake.

Ukiwa na kisukari, osha miguu kila siku kwa maji uliyoyapima joto kwa kiwiko, si kwa mguu. Kausha katikati ya vidole. Kagua nyayo. Kung'uta kiatu na upitishe mkono ndani kabla ya kuvaa. Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Ukiona kidonda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na wewe mwenye mzazi anayeumwa kisukari, leo baada ya ibada chukua beseni na taulo. Akikataa kama Petro, mbembeleze.

Jumapili njema.