Nokia E75: Simu ya wapenda arafa, ila uliza kabla ya kulipa

Wewe ambaye vidole havitulii kwa kuchati, huenda ukaonyeshwa Nokia E75 ya mtumba na uipende papo hapo. Si ajabu. Kwa mbele ina vitufe vya kawaida vya nambari, vya kupiga simu chapchap kwa mkono mmoja. Ukitaka kuandika, ilaze kisha sukuma kioo kando: kibodi kamili inachomoza, kila herufi na kitufe chake. Hakuna tena kubonyeza 7 mara nne ndio upate "s".

Ilizinduliwa mwaka wa 2009 ikilenga hasa wapenzi wa baruapepe na arafa. Ina Wi-Fi, GPS na kamera ya megapikseli 3.2. Poa sana kwa wakati wake.

Lakini chunga mfuko wako. Simu hii inatumia Symbian, na WhatsApp iliacha kuhudumia simu za aina hiyo mwaka wa 2017. Arafa za kawaida bado zinakwenda. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, telezesha kibodi mara kadhaa, jaribu kila herufi, kisha ujiulize: marafiki zako wanachatia wapi?