Injini ya Boti Inapozimika Majini: Kagua Tangi Kabla ya Kufungua Kabureta

Boti ndogo zenye injini za petroli za kupachika ni tegemeo la wavuvi na wasafiri wengi katika Bahari ya Hindi na katika maziwa makuu. Injini ikizimika mbali na ufukwe, hasa wakati upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, chombo hukosa mwelekeo, mawimbi hukipiga ubavuni na kinaweza kupinduka.

Aghalabu lawama huelekezwa kwenye kabureta, ilhali chanzo cha hitilafu kinaweza kuwa kwenye tangi au mpira wa mafuta. Hivyo, mwendeshaji anashauriwa kufuata njia ya mafuta, kuanzia kwenye tangi kuelekea kwenye injini.

Hatua ya kwanza ni kukagua skrubu ya hewa iliyopo kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, hewa haiingii kujaza nafasi ya petroli inayotumika. Injini huwaka vizuri kwa dakika chache, kisha huzimika.

Hatua ya pili ni kubonyeza pampu ya mkono iliyopo kwenye mpira wa mafuta. Ikiwa imenywea na haijai tena, njia imeziba upande wa tangi. Ikibaki laini kila inapobonyezwa, huenda petroli imekwisha au mpira unavuta hewa kwenye maungio. Ikiwa ngumu, ni dalili kwamba mafuta yamefika kwenye injini.

Hatua ya tatu ni kuchunguza maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji hutuama chini. Chota kiasi kidogo kutoka chini ya tangi, weka kwenye chupa angavu na uiache itulie. Mstari unaotenganisha tabaka mbili ni ushahidi kwamba mafuta hayo hayafai.

Baada ya hapo ndipo kabureta ichunguzwe. Injini inayokubali kuwaka kwa choki pekee huashiria kwamba tundu dogo linalopitisha petroli limeziba. Plagi iliyolowa petroli huashiria mafuta kuzidi au cheche kukosekana. Plagi kavu huashiria mafuta hayafiki. Tundu hilo lisafishwe kwa dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya shinikizo, si kwa waya, kwa kuwa waya hulipanua na kuharibu kipimo cha mafuta.

Kwa injini ambazo petroli huchanganywa na oili, hitilafu hii isipuuzwe. Petroli inapopungua, oili nayo hupungua, na pistoni inaweza kuungua. Kiwango cha kuchanganya kifuate kitabu cha mtengenezaji. Kwa kipimo cha 50:1, lita 10 za petroli huhitaji mililita 200 za oili.

Waendeshaji wanakumbushwa pia kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini ya boti. Tangi la kubebeka lijazwe nchi kavu, mbali na moto na sigara.

Usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa upande wa Tanzania Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA) kwa Zanzibar. Ukaguzi huu ufanyike kabla ya kung'oa nanga, na kila aliyemo chomboni avae jaketi okozi, kwani hata injini iliyokaguliwa inaweza kuzimika.